Sikio la Abeto Zemikael

"Tulia, nisije nikakukata," alisema Debritu. Akalikunja sikio la mumewe kwa kidole gumba, akapitisha wembe taratibu nyuma yake, kama alivyomnyoa kila Jumamosi tangu aolewe.

"Leo nitulie vipi, mama?" Zemikael alicheka. "Unamnyoa mfalme wa Gondar!"

Debritu hakucheka. Hapo juu ya mlima Wehni, walipoishi, walifungiwa wanaume wote wa damu ya kifalme, wasije wakagombea kiti. Zamani aliyechaguliwa kutawala aliteremka kwa heshima. Siku hizi ras, jemadari mwenye askari wengi, ndiye aliyetawala, na wafalme aliwabadilisha kama shuka zilizochafuka. Aliyekuwapo alikuwa ameondolewa juzi tu. Sasa Ras Dilnesaw alimtaka Zemikael, na mjumbe wake, Engida, alikuwa nje ya kibanda akitafuna shayiri ya kukaanga.

"Abeto, fanya haraka!" Engida aliita, kwa cheo cha wana wa kifalme. "Nyumbu wamesimama juani, na binti wa Ras hapendi kungojeshwa!"

Wembe ukasimama.

"Binti wa Ras anamngoja nani?"

Zemikael alitazama maji ya kunyolea, yaliyoelea vinywele.

"Nakuuliza, baba. Anamngoja nani?"

"Ni desturi yao tu, Debritu. Anayevishwa taji anapewa na binti. Nikishakaa vizuri nitatuma watu wakuchukue."

"Ukae vizuri? Nani amewahi kukaa vizuri pale? Aliyekutangulia alikuwa anaomba hata kuni za kuotea moto!"

"Mimi si yeye."

"Naye alisema hivyo hivyo."

Akamshika tena sikio, safari hii kwa nguvu. Wote wawili walijua sheria: mwenye kilema havishwi taji. Hata ncha ya sikio ikipungua, mjumbe angegeuza nyumbu wake akatafute mwingine.

"Niache nikate kidogo tu," alinong'ona. "Nitakuwekea siagi na majani, litapona. Utabaki na mimi na kashamba ketu ka shayiri. Utazeeka, mume wangu. Nani kwenu amewahi kuzeeka?"

"Umerukwa na akili?"

"Kidogo tu."

"Debritu, nimezeekea hapa tangu nikiwa mtoto! Ukinikata, sitakutazama tena usoni. Naapa, mbele ya Bikira Maria, sitakutazama."

Wembe ulikuwa tayari umegusa ngozi. Angevuta tu, yakaisha. Lakini hicho alichosema, kwamba hatamtazama tena, kikamlegeza vidole kimoja kimoja.

Akaukung'uta wembe ndani ya maji. Akamfuta shingo, akampaka siagi, akamfunga shuka yake nyeupe yenye pindo jekundu.

"Nenda, Janhoi," alisema, akimwita kama watu wanavyomwita mfalme.

Zemikael hakutuma watu. Debritu alipowauliza walinzi, walimdhihaki: "Mke wa mfalme, bado hajakutumia hata tandiko la nyumbu?" Alisaga shayiri yake, akaoka injera, akala nusu, na nusu akaifunika kana kwamba mtu atarudi.

Mvua zilipokatika, mlinzi akapiga kelele langoni:

"Debritu! Njoo umpokee mfalme wako!"

Zemikael alipanda akishikilia mawe, kichwa kimefungwa kitambaa kilichokauka damu. Alikaa kizingitini bila kuingia.

"Kulikuwa na ras mwingine," alisema. "Alitaka kuniiba, anisimamishe upande wake. Dilnesaw akaona bora nisifae kwa yeyote."

"Na mkeo?"

"Yuko palepale. Wamemvisha taji binamu yangu."

Debritu akachuchumaa mbele yake. Kisha akauliza, "Iliuma?"

"Waliokata walikuwa wanacheka." Akainua macho, akamtazama, akashindwa, akayateremsha. "Ungekata wewe, Debritu... Bado unao ule wembe?"

"Ninao."

"Basi ninyoe. Wamenirudisha na manyoya kama mbuzi."

Akapasha maji. Akakifungua kile kitambaa polepole, huku akikilowesha pale kiliponata. Alianza utosini, akateremka upande wa kushoto. Alipofika nyuma, kidole gumba chake kikaenda chenyewe, kama kila Jumamosi, kulikunja sikio.

Kikapita patupu.

Debritu akakiacha kidole hapo hapo, kwenye kidonda, na maji yakapoa.