Aliyekaribishwa na Bahiat

Kisa hiki alikisimulia kwanza Nouriat, nyumbani kwake Moroni, katika Ramadhani ya Januari 1998, miezi mitano baada ya kisiwa cha Nzuani kujitangaza kuwa kimejitenga na Komoro.

Alikuwa amemsindikiza mdogo wake kwa baba, Bahiat, hadi Mutsamudu, mji mkuu wa Nzuani, kuiona nyumba ya bibi mzaa mama wa Bahiat, iliyogeuzwa makumbusho. Visiwani humo nyumba humwendea binti, na mume ndiye anayehamia. Kwa desturi, basi, ile ilikuwa ya Bahiat. Meli ya alasiri ilisemekana ndiyo ya mwisho kwenda Moroni, na huko Moinafouraha, binti wa Bahiat wa miaka minne, alikuwa akimngoja mama yake.

Bustani ya nyuma ilipandwa asumini kwa mistari iliyonyooka. Vijia vilikuwa vimefagiwa, vimelowa, bila alama ya unyayo.

"Nani anafagia?" Nouriat aliuliza.

"Si mimi, mwanangu," alisema Fakri, mlinzi wa nyumba. "Mkisikia hodi kutoka huko, msiitikie."

Bahiat alicheka. "Jini nalo limejitenga?"

"Lilitutangulia," Fakri alisema, bila kucheka.

Walipokuwa sebuleni, adhuhuri, ilipita harufu ya sandali mbichi, ile ya kumpaka bibi harusi, kisha sauti ya mwanamume mpole ikapiga hodi. Bahiat alilelewa kutomwacha mgeni mlangoni. Alijibu kabla ya kufikiri:

"Karibu."

Hakuonekana mtu, ila godoro la kitanda cha maonyesho, ambacho hakikulaliwa tangu enzi za bibi, lilibonyea taratibu kama linalokaliwa na mtu mzito, na Nouriat alipomshika mdogo wake mkono na kumvuta hadi kizingitini, miguu ya Bahiat ililegea kama ya mtoto mchanga, akavutwa tena na tena, na kila mara akaanguka kwa ndani.

Fakri alimleta Mwalimu Inzoudine, mtoa majini. Akasoma Kurani, jasho likamtoka. Sauti ya kiume ikamjibu kwa kinywa cha Bahiat:

"Mimi nimekaribishwa na mwenye nyumba. Wewe je?"

Mwalimu alifunga kitabu, akatafuta viatu vyake.

Honi ya meli ikalia bandarini.

"Nenda, dada," Bahiat alinong'ona kwa sauti yake mwenyewe. "Mtoto asikose wote wawili."

Nouriat akaenda.

Fakri alifariki mwaka 2003, na Mwalimu Inzoudine baada yake. Nouriat yu hai, hajarudi Mutsamudu. Bahiat yu hai, mle ndani. Moinafouraha yu hai pia, binti mzima sasa, na amekwishakata tiketi ya meli ya Mutsamudu.