Fundi Aliyeficha Mikanda

Kulipopambazuka siku ya Jumamosi, fundi wa viti vya magari alikuwa amekwisha kulifuta gari lake mara mbili. Lilikuwa gari dogo, na kwa nje lilikuwa kuukuu. Lakini ndani lilipendeza kama sebule ya bwana harusi. Viti vyote vilivikwa kava mpya za ngozi bandia. Mishono yake ilinyooka kama mistari iliyopigwa kwa rula. Hapakuwa na uzi hata mmoja ulioning'inia. Kwa sababu ya kazi ya namna hiyo, watu walimwita Fundi Nadhifu.

Siku hiyo familia yake ilikuwa na safari ya saa mbili kwa barabara kuu. Mama mkwe wake alikuwa hajamwona mjukuu wake wa mwisho, mtoto wa miezi minane.

Kila mtu aliingia mahali pake pa kila siku. Mke wa fundi alikaa mbele, akampakata mtoto. Mama mzazi wa fundi alikaa nyuma. Binti yao wa miaka sita, ambaye kwa maneno yake mengi aliitwa Kasuku, hakukaa. Alisimama nyuma, katikati ya viti viwili vya mbele, apate kuona njia.

Fundi aliwasha gari. Kengele ya mkanda ikaanza kulia. Akauvuta mkanda wake, akaupitisha nyuma ya mgongo, akauchomeka. Kengele ikanyamaza.

"Gari hili lina mdomo kumshinda Kasuku," alisema. Wote wakacheka.

Kabla hawajaondoka, jirani yao alisimama dirishani. Alikuwa mwanamke wa makamo, dereva wa gari la wagonjwa katika hospitali. Watoto wa mtaa walimwita Bi King'ora.

"Fundi, utanisogeza hadi hospitali?" aliuliza. "Zamu yangu inaanza baada ya saa moja."

"Karibu, jirani! Leo utakaa kifalme."

Bi King'ora aliingia nyuma. Akapapasa kiti kwa mkono, huku na huku.

"Unatafuta nini? Umeangusha sarafu?" Fundi aliuliza.

"Natafuta mahali pa kufungia mkanda."

Fundi alicheka kwa fahari. "Hutapaona! Vile vifungio vyekundu viliniharibia sura ya kiti. Nimevifukia vyote chini ya kava. Na mikanda yenyewe nimeikunja nyuma ya kiti. Mbele tu nimeviacha, kwa sababu ya ile kengele."

Bi King'ora alifungua mlango, akashuka. "Ahsante. Nitakwenda kwa miguu."

"Ala! Unauogopa uendeshaji wangu? Mwaka wa ishirini huu, sijakwaruza hata kuku!"

"Nakubali. Lakini barabara unaitumia peke yako?"

Mke wa fundi akaingilia kati kwa upole. "Usihofu, Bi King'ora. Mtoto nimemshika vizuri. Mkono wa mama haumwachii mwana."

Bi King'ora alimtazama mtoto aliyekuwa akinyonya kidole.

"Mdogo wangu," alisema, "kila mama niliyempakia katika gari langu alikuwa amemshika vizuri."

Hakuna aliyecheka tena. Mke wa fundi alimtazama mtoto wake. Kisha naye akafungua mlango, akashuka.

"Baba Kasuku, mimi siendi."

"Huendi? Mama yako amekwisha kuinjika vyungu!"

"Mama anamngoja mjukuu afike mzima. Vyungu vitangoja."

Fundi alikasirika. Alisema kwamba maneno ya hospitali ni kutishana tu. Alisema kwamba baba yake alimbeba vivyo hivyo, na mbona yeye yu hai?

"Waliokufa hawapo hapa wakujibu," Bi King'ora alisema. "Nina nusu saa. Karakanani kwako kuna uwanja mtupu. Na lile jora la ngozi bandia lililo mlangoni lina uzito gani?"

"Kama wa mtoto huyu, au pungufu."

"Lilete."

Uwanja wa karakana ulikuwa nyuma ya nyumba. Bi King'ora alishika usukani, naye alijifunga mkanda kifuani, si mgongoni. Fundi aliketi kando yake. Alifungwa mkanda sawasawa, na jora lilikuwa mapajani mwake.

"Lishike kama mwanao," Bi King'ora alimwambia.

"Mikono hii inavuta ngozi kutwa nzima," Fundi alijibu. "Halitoki."

Gari lilikwenda kwa mwendo wa baiskeli. Fundi alianza kutabasamu. Ghafla Bi King'ora akakanyaga breki. Mkanda ulimzuia Fundi. Jora lilimponyoka, likagonga dashibodi, likaangukia miguuni pake.

"Hukuniambia!" Fundi alipiga kelele.

"Ajali nayo haibishi hodi, Fundi. Na huu ulikuwa mwendo wa baiskeli. Katika barabara kuu, gari likigonga, mtoto wa kilo nane huwa mzito kama magunia kadha ya nafaka. Hakuna mkono wa kulizuia gunia. Na kama mama hakufungwa, yeye mwenyewe humwangukia mwanawe kwa uzito wake wote."

Fundi aliinama, akaliokota jora. Kona moja ilikuwa imebonyea. Alipapasa pale palipobonyea.

"Basi, nimesikia," alisema hatimaye. "Nitafumua kava zangu leo hii. Na kiti cha mtoto nitakishona mwenyewe. Sponji ngumu, mikanda minne, mishono miwili miwili..."

"Hapana. Hapo usitie mkono."

"Mimi? Katika mji huu nani anajua kiti kunishinda?"

"Unajua kiti cha kukalia. Hiki ni kiti cha kugongewa. Sponji hubonyea, mtoto akateleza chini ya mkanda. Kiti cha mtoto hutengenezwa kiwandani, kikafungwa katika gari, kikagongeshwa ukutani pamoja na mwanasesere, hadi ijulikane kwamba kinahimili. Cha kwako utakijaribu kwa nani?"

Fundi aliutazama mlango wa nyumba. Mkewe alikuwa amesimama pale na mtoto begani.

"Nimekoma," alisema.

Safari iliahirishwa kwa wiki moja. Mchana huohuo Fundi Nadhifu alishika wembe, akaifumua mishono aliyoisifu asubuhi. Alivitoa vifungio vyote, akaikunjua mikanda. Pembeni mwa viti vya mbele, chini ya kava, aliona kibandiko kidogo. Kilionyesha kwamba pale pana mfuko wa hewa, ambao hufumuka gari linapogongwa ili umkinge mtu. Kava yake ilikuwa imeuziba. Akaikata na hiyo.

Jambo moja lilimnyima raha. Kava za namna ile hakuzishonea gari lake peke yake. Alikuwa amewashonea watu wengi, na wote walimsifu kwa kuvificha vile vidude vyekundu. Alifikiri kuwaita mmoja mmoja kwa siri. Kisha akaona kwamba kosa lililofanywa hadharani haliponi kwa kunong'ona. Akachukua ubao, akauandika kwa herufi kubwa, akauweka mbele ya karakana:

WEWE NILIYEKUSHONEA KAVA, RUDISHA GARI. NIMEFUKIA MIKANDA YAKO. KOSA NI LANGU. KUTENGENEZA NI BURE.

Wa kwanza kuja alikuwa dereva wa teksi, mtu wa mzaha.

"Makubwa! Fundi Nadhifu leo anatoboa matundu? Si abiria wangu watayaona hayo madude?"

"Wayaone, na wayatumie."

"Abiria wa nyuma hajifungi, Fundi. Huyo ni bosi."

"Basi mwambie bosi kwamba gari haliondoki. Ukiogopa kumwambia, nionyeshe, nimwambie mimi."

Dereva wa teksi alicheka hadi machozi yakamtoka. Lakini gari aliliacha.

Jumamosi iliyofuata Bi King'ora alifika mapema. Mke wa fundi alikuwa amekwisha kununua viti viwili dukani, vipya, pamoja na karatasi zake za maelezo.

"Kiti cha mtoto mchanga hufungwa nyuma, na uso wake huelekea nyuma ya gari," Bi King'ora alieleza. "Kichwa chake ni kizito, na shingo yake ni laini. Gari likigonga, mgongo wa kiti ndio hupokea kishindo, si shingo. Kiti hiki usikiweke mbele penye mfuko wa hewa. Mfuko ukifumuka utakigonga kwa nguvu, umwue mtoto."

"Na mikanda hii ya mabegani, niilegeze asibanwe?" mama aliuliza.

"Ivute hadi vidole vyako visiweze kuifinya ikakunjika. Na umvue hilo koti nene. Koti hudanganya, mkanda huonekana umekaza, kumbe umelegea."

Kasuku alikuwa akirukaruka. "Na mimi? Changu kina mgongo? Kwa nini nisikae bila kiti? Mimi mkubwa!"

"Kaa kwanza bila kiti, mkubwa," Bi King'ora alimwambia. Akamfunga mkanda. Ulipita shingoni na tumboni. "Unaona? Mkanda huu ulitengenezwa kwa mtu mzima. Ukipita shingoni huumiza shingo. Ukipita tumboni huumiza matumbo. Kiti hiki cha kuinulia kitakupandisha. Mkanda upite katikati ya bega na chini kwenye nyonga. Utakitumia mpaka urefu wako utoshe, hata kama wenzako watakucheka."

"Watakaonicheka nitawaambia waulize Bi King'ora!"

Akabaki bibi, mama wa fundi, aliyeketi nyuma ya kiti cha dereva. Alikuwa amekunja mikono.

"Mimi si mzigo wa kuni, nifungwe kamba," alisema. "Hao wa mbele na wajifunge. Nyuma hakuna kinachonifikia."

Fundi alifungua kinywa ili amsihi mamaye. Bi King'ora alimtangulia.

"Mama, mtu wa nyuma asiyejifunga hurushwa mbele. Humgonga aliye mbele yake, na aghalabu humwumiza vibaya kuliko yeye mwenyewe. Mbele yako anakaa nani?"

Bibi aligeuza macho. Mbele yake alikaa mwanawe wa pekee, mikono ikiwa katika usukani.

"Nifungeni," alisema bibi. "Mnangoja nini?"

Walibanana kidogo huko nyuma, lakini kila mmoja alikuwa na mkanda wake. Mke wa fundi alikaa mbele, mikono mitupu. Aligeuka mara kwa mara kumtazama mtoto. Mtoto alilala usingizi njia nzima. Mama mkwe aliwapokea kwa vigelegele, na vyungu vikainjikwa upya.

Walirudi alasiri. Fundi hakwenda mbio. Walipokaribia njia panda, gari la mizigo lilitoka barabara ya kando bila kusimama, likakingama mbele yao. Fundi alikanyaga breki kwa nguvu zake zote. Magurudumu yalilia. Kisha kukawa na kishindo kikubwa cha mabati.

Vumbi lilitanda. Mke wa fundi alitaka kugeuka, lakini mkanda ulikuwa umembana. "Mwanangu!" aliita. "Mwanangu!"

Mtoto akaangua kilio, kilio kikali cha mtu aliyeamshwa bila ruhusa.

"Bibi, umenikanyaga," Kasuku alisema kwa sauti ya kutetemeka.

"Nyamaza, nimefungwa, nitakukanyagaje?" bibi alijibu.

Watu walikuja mbio. Mzee mmoja aliliona gari lilivyokunjika mbele. Akavua kofia, akamwendea fundi aliyekuwa akijikokota kutoka mlangoni.

"Pole, mwanangu. Ni wangapi?"

Fundi aliwatazama, mmoja mmoja.

"Watano," alisema. "Wote wazima."

Hata hivyo, hospitalini walikwenda wote siku ileile, kwa maana maumivu mengine ya ajali hujificha. Daktari aliwapima, akawaruhusu. Bibi alikuwa na mchubuko mrefu begani. Alimwonyesha kila aliyepita, kama askari anayeonyesha nishani.

Jumatatu viti vya watoto vilikuwa sakafuni karakanani. Dereva wa teksi aliingia, akakizungukia kile cha mtoto mchanga. Hakikuwa na ufa wala doa.

"Fundi, wewe utanunua kingine. Hiki nipe mimi. Dada yangu amejifungua."

"Hiki kimepata ajali."

"Lakini ni kizima! Hebu kitazame."

"Nimekitazama. Ufa wa plastiki huweza kuwa ndani, usionekane. Kiti kikishagongwa hakiaminiki tena."

"Utakitupa? Wewe, usiyetupa hata kipande cha uzi?"

Fundi Nadhifu alishika mkasi wake mkubwa wa kukatia ngozi, akaketi chini mbele ya kiti. Akaushika mkanda wa kwanza, ule uliomzuia mwanawe, akaukata. Akaukata wa pili. Aliikata yote, ili asitokee mtu wa kukiokota jalalani na kumketisha mtoto.

"Kazi yake kimekwisha kuifanya," alisema. "Mwite dada yako. Twende naye dukani, akachague kipya, nami nitamwonyesha kinavyofungwa."