Jina la Mdogo Wangu Kwenye Mfuniko wa Betri

Siku ile, kijijini Masoko, Rungwe, tulikuwa wanne mbele ya nyumba ya Bibi Tusekile. Bibi mwenyewe, mkono wake wa kulia umefungwa kitenge kilicholoa maji. Balozi wa nyumba kumi wa pale, Mzee Mwaisumo. Mdogo wangu Gwamaka. Na mimi, Atupele wa Kisondela, fundi wa sola, miaka thelathini na mbili, niliyemlea Gwamaka tangu tulipobaki yatima.

Sebule ya Bibi ilikuwa imeungua mchana huo. Alikuwa nyuma ya nyumba anachuma maharage, akaona moshi. Badala ya kukimbia, aliingia kung'oa waya za betri kwa mkono...

Balozi aligeuza mfuniko wa boksi la betri. Huku kwetu fundi akimaliza kazi huandika jina lake na namba ya cheti ndani ya mfuniko, ili likitokea la kutokea ajulikane. Jina lilikuwa la Gwamaka.

"Mwanangu, ni wewe?" balozi aliuliza.

Gwamaka alitazama viatu vyake. "Mimi nasaini tu, mzee. Anayefunga ni dada."

Ufungaji ule haukuwa wangu. Nyumba ile sikuwahi kuikanyaga. Lakini nani angeniamini, wakati kila mtu alijua kuwa jina la Gwamaka maana yake ni mikono ya Atupele?

Baba alitangulia, na mama akamfuata kabla mwaka haujaisha. Niliacha shule kidato cha pili. Asubuhi nilichuma chai, mchana nilimfuata mzee mmoja fundi wa sola, kwanza nikimshikia ngazi, baadaye nikipanda mwenyewe. Nilijifunza kwamba wingu la Rungwe linaweza kukaa juma zima, na betri inayotosha kwingine, hapa haitoshi. Nilijua yote hayo, ila kukaa kwenye dawati niliogopa.

Gwamaka nikamsomesha chuo cha ufundi Mbeya. Aliporudi na cheti chake nililia mbele za watu. Kwenye begi lake alikuwa na fomu.

"Hii yako, dada," alisema. "Chuo kinawapima mafundi wa mtaani. Unaonyesha kazi, unaulizwa, ukijua unapewa cheti kama changu."

Niliiweka ndani ya Biblia. Ikakaa humo miaka mitano. Mimi niliyemlipia ada, nikaulizwe maswali na vijana wa umri wake?

Kisha shule moja ikatafuta fundi mwenye cheti. Nikamwambia Gwamaka asaini, mimi nifunge. Alisita.

"Sijafunga mimi, dada. Nikiulizwa?"

"Karatasi ni karatasi tu," nilimjibu. "Kazi yangu si unaijua?"

Akasaini. Tukaendelea hivyo, nyumba baada ya nyumba, na nilijiona mjanja.

Sikujua kwamba wengine walikuwa wanamfuata nyuma yangu. Vijana waliojifunza kufunga sola kwa kutazama video kwenye simu. Akawasainia nao, bila kupanda hata ngazi. Aliyefunga kwa Bibi hakuweka fyuzi. Waya mwembamba wa redio aliuunga, kiungo akakizungushia mfuko wa nailoni.

Ningeweza kumkana mdogo wangu pale pale. Waya ule mwembamba ungenitetea. Lakini nilimtazama akiwa ameinamisha kichwa, nikayasikia maneno yangu mwenyewe... karatasi ni karatasi tu. Alijifunzia wapi kama si kwangu?

Nikamwambia balozi, "Sikufunga mimi. Ila aliyemfundisha kusaini kazi asiyoifanya ni mimi."

Bibi aliuinua mkono wake uliofungwa kitenge. "Ndaga, mwanangu," alinishukuru, "kwa kusema. Sasa maharage yangu nitayachuma kwa mkono upi?"

Kulipokucha Gwamaka hakuwepo. Simu yake haipatikani hadi leo. Mezani aliacha orodha ya nyumba alizowasainia watu wengine.

Wiki hiyo niliitoa fomu kwenye Biblia, nikaipeleka chuoni. Msimamizi alinipa ngazi, paneli na betri, akaniuliza maswali huku nikifanya kazi. Nilijibu yote. Ilikuwa asubuhi moja tu... na mimi nilikuwa nimeikimbia miaka mitano.

Cheti ninacho sasa, lakini situlii. Nikiona moshi upande wa Lufingo namsimamisha bodaboda, nautazama mpaka nijue ni wa jiko au ni wa paa. Abiria mwenzangu siku moja alinitania, "Dada, umekuwa zimamoto?" Sikuweza kucheka.

Fundi mwenzangu uliyejifunzia mtaani, nakuomba, kapimwe. Usione aibu niliyoiona mimi. Na wewe mwenye cheti, usimsainie mtu kazi ambayo hukuiona kwa macho yako, hata akiwa dada yako aliyekulea. Hasa akiwa yeye.

Jumamosi namchumia Bibi Tusekile maharage. Siku nyingine napita na ngazi yangu kwenye nyumba za orodha, nafungua mifuniko, nabadilisha waya, naweka fyuzi. Ni nyumba kumi na tisa. Nimemaliza kumi na mbili.

Zimebaki saba. Na chini kabisa ya karatasi, kwa mwandiko wake mzuri wa chuo, Gwamaka ameandika: na nyingine sizikumbuki.