Mstari Uliochorwa na Ersilia

Kila asubuhi Ersilia alimbebea baba yake ndoo ya chokaa hadi uwanja wa Mtakatifu Petro. Baba yake, Quirino, alikuwa fundi wa kanisa kuu, na tangu Wajerumani waiteke Roma alikuwa ameongezewa kazi moja: kuupaka upya mstari mweupe uliokatiza mdomo wa uwanja, kutoka safu moja ya nguzo hadi nyingine. Ndani ya mstari ni Vatikani, nchi ya Baba Mtakatifu. Nje ni Roma, na askari wa Kijerumani walisimama hapo kutwa nzima na bunduki zao, ncha za buti zikikaribia kuigusa rangi bila ruhusa ya kuivuka.

Majira yale ya baridi watu walikuwa wakiongea kwa kunong'ona. Malori yalipita mitaani yakikusanya wanaume, na waliopakiwa hawakurudi. Lakini watoto ni watoto. Ersilia na Fulvia, rafiki yake wa mtaa wa Borgo, upande wa Roma, walirukaruka penye mstari, mguu huku, mguu kule.

"Kanchi kenu haka!" Fulvia alimtania. "Mkipiga chafya, makamasi yanaangukia kwetu."

"Kadogo, lakini ni ketu. Nyie mna nini? Mna Wajerumani!"

"Na nyie mna ndoo ya chokaa."

Maneno hayo yalimchoma Ersilia. Jioni, mbele ya supu ya dengu, akamuuliza baba yake kwa nini nchi yao ilikuwa ndogo vile.

"Zamani Mapapa walitawala bahari hadi bahari," Quirino alisema. "Mfalme wa Italia akaja na mizinga, akachukua yote. Karibu miaka sitini Mapapa wakajifungia humu, wamenuna. Mwishowe wakapatana, wakaandikiana mkataba, tukabaki na hiki kipande. Nchi yenyewe imekuzidi wewe miaka mitatu tu."

"Basi tumepunjwa."

"Kula supu, mwanangu."

Alikula, lakini kinyongo hakikumtoka.

Kesho yake mvua ilikuwa imeufifisha mstari karibu na nguzo za kulia. Baba alipokwenda kula, na askari walipojikusanya mbali kuwashiana sigara, Ersilia akachukua brashi. Akachora kipande kipya, hatua mbili nje ya kile kilichofifia. Kiling'aa vizuri mno.

"Haya, nchi imekua," alisema.

Fulvia hakucheka. "We, futa hicho kitu. Wakikuona je?"

"Aa, baadaye."

Hakuipata hiyo baadaye. Kelele za buti zilisikika kutoka mtaani, na kijana mmoja mwembamba, amevaa koti lililompwaya, akatokea mbio huku askari wawili wakimfuata. Aliuona ule weupe, akauruka, akasimama. Akaegemea nguzo akihema, akageuka kuwatazama waliomfukuza. Alikuwa akitabasamu, maskini.

Askari nao walisimama. Kisha mmoja akatazama chini. Akaona rangi mbichi, na nyuma ya kijana akaona ule mstari mwingine, uliofifia. Akaanza kutembea polepole, bila haraka yoyote.

Ersilia angeweza kunyamaza, hakuna aliyemwona akichora isipokuwa Fulvia.

"Kaka wa koti!" alipiga kelele. "Hujafika! Huo ni wa uongo, nimeuchora mimi! Wa kweli uko nyuma yako! Ruka!"

Kijana hakuuliza. Mkono wa askari ulishika hewa tupu. Mlinzi wa Vatikani alikuja mbio, akamshika kijana bega na kumwingiza ndani. Askari alibaki pale, akimtazama Ersilia kwa muda mrefu.

Quirino, aliyekuwa akirudi kutoka kula, alikuwa amesikia yote. Hakumpiga binti yake. Alimpa maji na brashi ngumu. "Futa."

Ersilia akapiga magoti, akasugua huku akilia. Jiwe lilipotakata akarudi ndani ya mstari wa kweli, na buti za askari zikasogea na kusimama kwenye mstari huo, karibu kabisa na vidole vyake.

"Usiwatazame. Nisikilize mimi," baba yake alisema kwa sauti ya chini, akichutama kando yake. "Sisi hatuna mizinga. Hawa wanasita kwa sababu kila mtu anajua mpaka wetu uko wapi, na hatujawahi kuudanganya. Uongo wako ulitaka kumuua yule kijana. Ukweli wako umemwokoa, na umeusema mbele ya bunduki. Kumbuka yote mawili, usichague moja."

"Na wakivuka, Baba?"

Quirino alichovya brashi yake kwenye chokaa, akaanza kuupaka ule mstari uliofifia, taratibu, mbele ya buti zile.

"Wakivuka, ulimwengu utajua wamevuka wapi."