Tulivyoipima Safari ya Alhamisi

Mimi ni fundi cherehani. Mume wangu ni fundi baiskeli. Mimi hukaa ndani ya mlango, yeye hukaa nje ya mlango huohuo. Tunazungumza siku nzima bila kutazamana. Labda ndiyo maana ndoa yetu imedumu.

Wiki ile nilikuwa nikishona vitu vya mtoto: mashuka madogo manne na kofia tatu. Binti yetu wa mwisho anaishi nchi nyingine na mumewe, dereva wa lori. Alikuwa na mimba ya kwanza, na zilibaki wiki tatu ajifungue. Nilimwahidi kwamba nitakuwepo. Tiketi yangu ya ndege ilikuwa ya Alhamisi.

Kisha kule kwao kukachafuka. Uchaguzi ulipita, watu wakabishania matokeo, wakaingia barabarani. Askari nao wakaingia barabarani.

"Huendi," mume wangu akasema kutoka nje.

"Nakwenda."

"Mama watoto, huko kunawaka moto."

"Nani kakwambia?"

"Simu."

Akanisikilizisha ujumbe wa sauti. Mwanamume mmoja alisema uwanja wa ndege umeteketea wote. Halafu ukaja ujumbe mwingine. Mwanamke alisema mji umetulia, watoto wanacheza mpira.

"Na huyu je?" nikamwuliza.

"Huyu naye ni simu."

"Kitendawili," nikasema.

"Tega."

"Hana miguu, lakini kabla jogoo hajawika amefika kila nyumba."

Akazungusha gurudumu, akafikiri. "Nimeshindwa."

"Nipe mji."

"Chukua huo wa mwanao. Mimi umeninyima usingizi, siutaki tena."

"Uvumi," nikamwambia. Hakucheka. Mimi pia sikucheka.

Nikampigia binti yangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Habari za huko?"

"Nzuri, mama. Salama tu."

"Mumeo?"

"Mzima."

"Na tumbo?"

"Halina neno."

Nikakata simu. "Umesikia? Salama," nikamwambia mzee. Nikatoa begi. Lakini nilishindwa kupakia hata nguo moja. Nikarudi kwenye cherehani ili nitulie.

Ndipo akaingia jirani yetu. Sisi humwita Karani, kwa sababu aliuza tiketi za ndege ofisini miaka ishirini. Alikuja kuchukua sketi yake. Akaokota kofia niliyoimaliza, akaigeuza huku na huku.

"Fundi," akasema, "huyu mjukuu ataingiza kichwa wapi?"

Nikatazama. Nilikuwa nimeishona pande zote, mpaka mdomo wake. Miaka arobaini ya kushona, na leo nimeshona mfuko usio na mlango. Machozi yakanitoka. Nikamweleza yote.

"Mwanao amesemaje?"

"Salama."

"Na wewe ulimwuliza nini?"

"Habari."

Karani akavuta kiti. "Shoga yangu, umewahi kumwuliza mtu habari akakujibu mbaya? Siku upepo ulipong'oa paa langu, ulinisalimia asubuhi. Nilikujibu nini?"

"Nzuri."

"Nimesimama kwenye matope, godoro kichwani. Nzuri." Akaguna. "Mteja akija akasema, nishonee gauni zuri, wewe unakata kitambaa?"

"Sikati. Nampima kwanza. Bega, kifua, kiuno, urefu."

"Basi usikate shauri la safari kwa neno salama. Mpime mwanao. Muulize vitu vinavyohesabika."

Nikapiga tena. Karani alininong'oneza maswali, mimi nikayauliza.

"Mwanangu, leo mkate umenunua wapi?"

"Sijanunua, mama. Duka limefungwa, leo siku ya tatu. Nina unga."

"Mumeo yuko hapo?"

"Yuko mpakani na lori. Barabara imefungwa. Sikutaka kukutia wasiwasi."

"Mnaruhusiwa kutembea mpaka saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili jioni. Baada ya hapo hakuna kutoka mpaka asubuhi."

"Na hospitali?"

"Nusu saa kwa gari."

"Uchungu ukikushika usiku?"

Nikasikia analia. "Sijui, mama."

Nje, pampu ya baiskeli ilinyamaza. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni.

Karani alichukua tiketi yangu, akaisoma. "Ndege hii inatua saa moja usiku. Watu hawaruhusiwi kutoka tangu saa kumi na mbili. Ukishuka utakwenda wapi?"

"Sasa nani atanijibu? Simu ya mzee?"

"Wenye kazi yao watakujibu. Wizara yetu ya mambo ya nje hutoa taarifa za nchi zenye vurugu. Angalia tarehe, maana taarifa ya wiki jana imeshachacha. Kisha ubalozi wetu ulioko kule. Kisha shirika la ndege."

Tulitafuta taarifa ya wizara. Ilikuwa ya jana. Ilisema asiye na safari ya lazima asubiri. Tukapiga simu ubalozini. Afisa alisema uwanja wa ndege haukuungua, unafanya kazi. Lakini barabara ya kuingia mjini hufungwa jioni.

"Nighairi, basi?" nikauliza.

"Usighairi kwa pupa. Kila shirika lina masharti yake. Uliza kwanza kama wanabadilisha tarehe kwa sababu ya vurugu."

Tukauliza. Wakakubali kuisogeza mbele.

"Lakini nilimwahidi, Karani. Yuko peke yake."

"Ukikwama uwanjani, atakuwa na wawili wa kuwahofia, mtoto na wewe. Kama huwezi kufika, nani aliye karibu naye?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nilidhani msaada ni mimi tu. Nikamwuliza binti. Akasema yupo nesi wa kliniki, mwanamke mpole, nyumba yake inatazamana na hospitali, barabara tu katikati. Aliona haya kumwomba.

"Haya haizalishi mtu," baba yake akasema. "Mwombe leo."

Nesi alikubali. Jumatano asubuhi, watu waliporuhusiwa kutembea, binti yangu alihamia kwake na kadi ya kliniki na nguo za mtoto. Akaandikisha namba yake ubalozini. Tukakubaliana tuongee kila siku saa nne asubuhi.

Alhamisi sikushona kitu. Kila ndege iliyopita juu nilidhani ni ile. Kesho yake Karani alituletea habari kutoka shirika la ndege. Abiria walitua salama, lakini walilala sakafuni uwanjani mpaka asubuhi. Jumamosi saa nne binti hakupiga. Saa tano hakupiga. Mume wangu alifungua gurudumu moja akalifunga mara tatu. Saa sita kasoro simu ikalia. Alikuwa nesi.

"Bibi," akasema, "una mjukuu wa kike. Mama yake amelala."

Mume wangu akakaa chini, palepale kwenye mafuta ya mnyororo.

Nilisafiri wiki ya tano baada ya mtoto kuzaliwa, amri ya kutotoka nje ilipoondolewa. Kwanza nilisoma taarifa mpya, nikapiga simu ubalozini, nikachagua ndege inayotua asubuhi. Nakala ya pasipoti yangu nilimwachia mzee.

Nilikuwa nimempakata mtoto binti aliponisimulia usiku ule. Uchungu ulianza saa tatu. Nesi alifunga kitambaa cheupe kwenye fimbo, wakatoka wawili kwa miguu. Katikati ya barabara askari akawasimamisha.

"Mnakwenda wapi saa hizi?"

Nesi akaonyesha tumbo, kisha akaonyesha mlango wa hospitali. Zilibaki hatua thelathini.

"Askari alikuwa kijana mdogo, mama," binti yangu akasema. "Alionekana anaogopa kuliko mimi. Akawasha tochi, akatumulikia njia mpaka tukaingia."