Uzio Uliopinda

Renita Gaskins alikuwa na sahani nne, lakini aliyoichafua kila siku ni moja tu. Sahani hizo alirithi kwa marehemu mama yake. Kila jioni alirudi kutoka chumba cha kufulia cha hospitali, mikono inanuka sabuni. Alipasha moto supu ya kopo, akala amesimama karibu na dirisha. Kisha aliiosha ile sahani moja, akaifuta, akairudisha juu ya wenzake. Redio iliongea peke yake. Renita hakuongea, maana wa kuongea naye hakuwepo.

Alikuwa na miaka thelathini na miwili. Mchana alifua mashuka ya wagonjwa, jioni alisomea sheria. Alikuwa amekwenda hivyo miaka minne, na sasa kilikuwa kimebaki kipande kidogo tu awe wakili. Lakini kwao Ohio, Marekani, kufaulu mtihani hakutoshi. Ipo kamati inayompima mtu tabia. Inauliza: huyu akikabidhiwa siri za watu na shida zao, ataaminika? Kamati ikikataa, masomo yote yanageuka kuwa makaratasi ya kufungia samaki.

Kamati ilikuwa na fomu yake, ndefu. Ilitaka kila nyumba aliyowahi kukaa, kila kazi, kila kesi. Mwishoni ilitaka majina ya watu watatu wanaomjua vizuri, wasiwe ndugu zake, na kila mmoja ajaze fomu ya wadhamini. Renita aliandika jina la msimamizi wake wa kazini. Aliandika jina la mwalimu mmoja. Mstari wa tatu ulibaki mweupe siku nane. Alifikiri na kufikiri, hakupata mtu.

Jumapili baada ya ibada, theluji ikianguka polepole, alivuka uwanja akagonga mlango wa jirani. Jirani huyo alikuwa Bi Odessa Pruitt, mama mjane aliyekuwa karani wa mahakama miaka thelathini na mmoja kabla ya kustaafu.

"Ingia, binti, unaniingizia baridi," alisema Bi Odessa. "Viatu acha hapo. Umekuja kuazima sukari au umekuja kuniambia nyumba inaungua?"

"Hapana, Bi Odessa. Nina fomu. Nilitaka jina lako niliweke hapa."

Bi Odessa alivaa miwani. Alisoma kimya, kidole kikitembea chini ya mistari. Kisha akaisukuma fomu pembeni ya meza.

"Hapa pameandikwa 'anayekujua vizuri'. Mimi sikujui."

"Tumekaa jirani miaka mitano, Bi Odessa."

"Naujua mlango wako. Najua taa yako inazimwa saa ngapi. Najua unapenda supu ya nyanya, maana naona makopo kwenye pipa la taka. Huko si kumjua mtu. Nikiandika hivyo nitakuwa nimedanganya, na mimi niliapisha mashahidi miaka thelathini. Sianzi leo."

Renita alichukua fomu yake, akasimama.

"Kaa chini," alisema Bi Odessa. "Sijakufukuza. Nimesema sikujui, sikusema sitaki kukujua. Mkate wa mahindi uko kwenye oveni."

Basi Renita akakaa. Walikula mkate na maharage. Bi Odessa hakumharakisha. Alimuuliza habari za mama yake, na hapo ndipo uzi ulipokatika. Renita akasimulia jambo ambalo hajamwambia mtu kwa miaka kumi na miwili.

Alikuwa na miaka ishirini. Siku waliyomzika mama yake, alikunywa pombe, akachukua gari. Kwenye barabara ya mashamba gari liliacha njia, akabomoa uzio wa mzee mmoja mfugaji wa farasi, Bwana Harlan Stricker. Polisi walikuja. Mahakama ilimnyima leseni kwa muda, ikamwamuru aujenge ule uzio kwa mikono yake mwenyewe. Alijenga Jumamosi sita. Baadaye hakimu aliamuru faili lifungwe, watu wasilione. Renita akahama mji. Hajarudi tena, wala hajagusa usukani tangu siku hiyo.

"Na kwenye fomu umeandika nini?" aliuliza Bi Odessa.

"Sikuandika. Wakili wangu wa wakati ule aliniambia faili likifungwa, ni kama halikuwepo."

"Hata ulipoomba kuingia chuo cha sheria?"

"Hata kule. Waliuliza, nikaandika hapana."

Bi Odessa alishusha pumzi.

"Sikiliza, binti. Kosa hili nimeliona mara nyingi kuliko nywele zangu, na nywele unaona zilivyobaki. Faili lililofungwa limefungwa kwa mwenye nyumba na kwa tajiri wa kazini. Kwa kamati hii halikufungwa. Hebu soma swali lenyewe, kwa sauti."

Renita alisoma. Swali lilitaka kila kesi, hata iliyofutwa, hata iliyofungwa.

"Umeona? Wao hawashangai kijana kulewa siku ya kumzika mamake. Walimkubali mtu aliyewahi kufungwa jela, nikiwa mimi ndiye karani. Wanachokitazama ni ukweli wako wa leo. Uzio ulikuwa kosa la kwanza. Kunyamaza ni kosa la pili, na la pili ndilo zito."

"Nikisema, watanikataa."

"Huenda. Usiposema, wakagundua, hiyo 'huenda' haitakuwepo."

Renita alitazama sahani yake. "Sasa nifanye nini?"

"Kwanza iandikie shule yako ya sheria, sahihisha ile hapana. Usingoje wakuulize. Pili, nenda mahakama ya kule, omba nakala za kesi. Jina lako litafungua faili lako. Tatu, andika yaliyotokea kwa maneno yako. Usiweke visingizio. Nne, mtafute yule mzee wa uzio. Kama yu hai, mwombe aandike anachojua."

"Utakuja na mimi?"

"Hapana. Huko uliingia peke yako, toka peke yako. Mimi nitakuwekea chakula. Jina langu liandike, na ile fomu ya wadhamini niachie; nitaijaza siku nitakayokujua."

Shule ilimjibu baada ya wiki mbili. Ilimpa onyo la maandishi, ikaliweka kwenye faili lake, lakini haikumfukuza. Siku iliyofuata Renita alipanda basi kwenda mji wake wa zamani. Karani wa mahakama alimpa karatasi saba. Kisha akatembea maili mbili kando ya barabara ya mashamba. Upepo ulimkata masikio. Hakuna gari lililosimama, hakuna mtu aliyemsalimu. Alipita makaburi alipolala mama yake. Aliingia, akafuta theluji kwenye jiwe kwa mkono wa koti. Hakukuwa na maua ya mtu yeyote. Alikaa kidogo, akaendelea na safari.

Uzio aliuona kabla ya nyumba. Mbao zote zilinyooka isipokuwa kipande kimoja, kama meno ya mtoto.

Bwana Stricker alikuwa ameshika ndoo. Alimtazama usoni.

"Wewe ni binti wa marehemu Gaskins."

"Ndiyo, Bwana Stricker."

"Kazi yako bado imepinda. Kila mgeni ananiuliza fundi wake ni nani."

"Ningeweza kuurekebisha."

"Mungu apishe mbali. Umeshanirekebishia vya kutosha. Unataka nini?"

Renita alimwambia. Mzee alisikiliza bila kuiweka ndoo chini. Kisha akasema, "Walikuambia habari ya Junebug?"

"Junebug ni nani?"

"Farasi wangu jike. Usiku ule alitoka pale ulipobomoa. Gari likamgonga barabarani, akavunjika miguu. Ilibidi nimmalize mwenyewe. Alikuwa na miaka minne."

Karatasi saba zilikuwa kwenye mkoba wake, na hakuna hata moja iliyomtaja farasi.

"Hukuiambia mahakama," alisema Renita.

"Ulikuwa mtoto aliyemzika mamake. Ulikuja Jumamosi sita, unalia huku unapiga misumari, ndiyo maana uzio umepinda. Ningeongeza nini?"

"Samahani, Bwana Stricker. Sikujua."

"Najua hukujua. Barua nitakuandikia. Nitasema ulikuja zote sita, hata siku ya mvua. Lakini ya Junebug sitaiandika. Hiyo ni yako. Utakavyotaka kuifanya, shauri lako."

Njia nzima ya kurudi, Renita alitazama dirisha la basi akajiona mwenyewe tu. Hakuna karatasi yenye habari ile. Mzee hatasema. Dunia nzima walijua watu wawili, na mmoja wao ni yeye.

Aliporudi hakumwambia hata Bi Odessa. Alikula chakula alichowekewa, akashukuru, akaenda kwake.

Siku ya mahojiano ilikuwa mwezi wa tatu. Mawakili wawili walimkaribisha katika chumba kidogo chenye meza ya duara. Mmoja alikuwa mama mwenye mvi, Bi Corrigan. Mwenzake alikuwa kijana, Bwana Feld. Mbele yao kulikuwa na fomu ya Renita, ambayo mdhamini wake wa tatu alikuwa bado hajajibu, zile karatasi saba, barua ya Bwana Stricker, na maelezo ya Renita.

"Kwa nini uliidanganya shule?" aliuliza Bi Corrigan.

"Niliona aibu. Nikajiambia nimeruhusiwa. Moyoni nilijua swali limeuliza nini."

"Na pombe?"

"Sijanywa tangu siku ile. Gari pia sijaendesha."

Bwana Feld alifunga faili. "Kwangu imetosha. Una la kuongeza?"

Hapo mlango wa kutokea ulikuwa wazi. Renita aliona mikono yake juu ya meza, imepasuka kwa sabuni.

"Ndiyo," alisema. "Usiku ule alikufa farasi. Alitoka kwenye uzio nilioubomoa, akagongwa na gari. Nimeambiwa na Bwana Stricker mwezi uliopita."

Bi Corrigan alifungua tena zile karatasi, akazipekua. "Hilo halimo humu."

"Najua."

"Wala kwenye barua yake."

"Najua, mama. Alisema ni langu."

Wale wawili walitazamana. Bi Corrigan aliandika kitu kifupi, akamwambia aende, atapata barua.

Kungoja kulikuwa kubaya kuliko kuulizwa. Wiki tano Renita alifungua sanduku la posta, akakuta matangazo ya maduka. Wakati huo alianza kuvuka uwanja siku za Jumapili. Siku ya kwanza alimwambia Bi Odessa habari ya Junebug. Bi Odessa akasimama. Alichukua ile fomu ya wadhamini iliyokuwa imekaa kwenye droo yake muda wote, akavaa miwani, akajaza.

"Sasa nakujua," alisema. "Ilikuchukua muda. Ipeleke kesho kabla sijabadilisha mawazo."

Barua ya kamati ilikuja siku ya Alhamisi. Ilisema Renita Gaskins ana tabia inayofaa kuwa wakili. Mstari mmoja tu. Aliusoma amesimama karibu na dirisha, redio ikiongea.

Alifanya mtihani mwezi wa saba, akafaulu. Mwezi wa kumi na moja aliapishwa. Ukumbini kila mtu alikuja na mama, baba, mashangazi, watoto wa kubebwa. Renita alikuja na watu wawili. Bi Odessa alivaa kofia yake ya kanisani. Bwana Stricker alivaa koti lenye harufu ya zizi, akalalamika viti ni vigumu.

Jioni walikula kwa Renita. Aliwapikia kuku na mboga za majani. Bwana Stricker alisema chumvi imezidi, akaongeza mara mbili.

Walipoondoka, Renita aliosha sahani tatu. Aliziosha polepole, moja baada ya moja, akazifuta. Ya nne ilikuwa safi kabatini. Hiyo ingekuwa ya mama yake, kama angekuwepo mezani. Aliitoa, akaiosha pia, kisha akaziweka zote nne pamoja.