Aliyezima Mtambo wa Pili

Mtambo wa pili wa kituo cha kufua umeme kwa gesi ulizimika mchana kweupe, na nusu ya jiji ikazimika nao. Hospitalini, daktari alimalizia upasuaji kwa jenereta. Mafundi walikuta kitufe cha dharura kimebonyezwa, valvu ya gesi imefungwa kwa mkono na feni za kutoa hewa zinavuma kwa nguvu zote. Haikuwa hitilafu. Mtu alikusudia.

Inspekta alipofika, vidole vyote vilimwelekea fundi kijana waliyemwita Kimya. Wiki ile aligombana na mkubwa wake kuhusu likizo, na wakati wa tukio hakuna aliyemwona. Alidai alijilaza nyuma ya stoo, kichwa kikimuuma. Kiongozi wa zamu, mhandisi mwanamke aliyeheshimika sana, aliulizwa kama anamshuku. Akasema hajui, akageuza uso.

Kimya akawekwa mahabusu. Huko ndiko alikofunguka.

"Ningekuwa mimi, afande, ningebonyeza tu, mtambo ufe. Kuhangaika na feni na valvu ni utaratibu wa zamani, kabla sijaajiriwa. Walifanya hivyo gesi ikivuja, kuokoa walio ndani."

Inspekta akarudi kwenye kituo cha umeme, akamuuliza mlinzi wa geti ni nani aliingia siku ile. Mlinzi aliapa hakuna mgeni aliyeingia.

"Na asiye mgeni?"

Mlinzi akakuna kichwa. Alipita Babu Mitambo tu, baba yake mhandisi, aliyeongoza zamu hapo miaka mingi kabla ya kustaafu. Huyo hata hawamuulizi aendako.

Mhandisi alipomwona inspekta mlangoni mwa ofisi yake, aliketi taratibu kama aliyetua mzigo. Alisema alimkuta baba yake pale mtamboni, mkono ungali kwenye valvu, akamtoa kwa mlango wa nyuma. Kumbukumbu za mzee zinamtoka. Zamani gesi ilivuja, mwenzake akafia ndani, na siku hizi kwake ajali hiyo ni ya leo.

"Niliogopa watamfunga."

"Na Kimya je? Yeye hana mama?"

Mhandisi akalia bila sauti. Kisha akachukua funguo, wakaenda nyumbani.

Mzee alikuwa kitandani, viatu miguuni. Inspekta akamwamkia, akamuuliza kwa upole kwa nini alizima mtambo.

"Gesi inavuja," alisema, akihangaika kuinuka. "Binti yangu yumo ndani."

Mhandisi akapiga magoti, akaushika mkono wake.

"Nimeshatoka, baba. Umenitoa."

Mzee akamtazama kwa muda mrefu, akaegemea mto, akafumba macho.

Jioni hiyo Kimya aliachiwa. Inspekta alimwambia mhandisi kwamba adhabu yake ataijua baadaye, lakini maelezo hayo akayatoe kwanza kwa kijana, uso kwa uso. Akayatoa, hakujitetea. Kimya alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama anaweza kwenda kumjulia hali mzee.